Misumari ya Mzee Halvor

Msimu wa kuvua maski, samaki mrefu mwenye meno makali, huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin hufunguliwa Jumamosi ya mwisho ya Mei, na siku hiyo huvunja urafiki zaidi kuliko siku ya uchaguzi. Nimefanya kazi kwenye meli za kubeba mawe ya chuma, nimekata magogo, nimechuma matufaha, nimelala katika miji ambayo hata majina yake yamenitoka, na popote nilipopita sijaona watu wanaooneana wivu kama wavuvi wa maski. Mtu atakuazima gari lake, atakuazima na koti lake la baridi, lakini akisikia umemshika samaki mrefu kuliko wake hatakusalimia mpaka Krismasi.

Habari hii ni ya Ardis Tollefsrud na mdogo wake Corinne. Nyumba yao iko ukingoni mwa Ziwa Kijiko, na mimi naishi kwenye trela nyuma ya banda lao la boti. Nawatengenezea mashine, napaka mbao rangi, na msimu ukianza nakaa nyuma kabisa kushika usukani. Ardis husema mimi ni mtu pekee anayeweza kuendesha boti bila kupiga domo. Kwa watu wengine napiga domo sana tu. Nikiwa naye yeye ndipo maneno huniishia.

Ardis ana miaka sitini na minane, mwembamba, mikono mipana kama ya seremala. Hakuolewa. Alibaki hapo na baba yao, mzee Halvor, akampikia, akamwogesha, akamzika. Corinne aliondoka akiwa msichana, akaenda Milwaukee, akaolewa na mtu wa maana, akapata watoto, akafiwa na mume, na mwaka jana barafu ilipoyeyuka alirudi na gari jipya, nywele zilizotengenezwa, na sanduku la chambo ambalo mtoto angeweza kulala ndani. Wanakijiji walimpokea kama bibi harusi. Hata kasisi, ambaye kwa miaka yote alikuwa akimwita Ardis "dada yake Corinne," alikuja na keki.

Ardis aliimega keki ile, akatafuna, akasema ina chumvi.

Kitu kimoja tu Corinne hakuwa nacho. Kwenye ukuta wa baa ya Kubiak, kati ya kichwa cha paa na saa iliyokufa zamani, kuna picha ya Ardis akiwa amepiga magoti ndani ya boti, samaki amelala mbele yake kwenye ubao wa kupimia. Chini yake Kubiak ameandika kwa mkono wake: Ardis Tollefsrud, maski milia, inchi arobaini na nane. Maski wa kawaida wamejaa ukutani hapo. Maski milia ni huyo mmoja.

Maski milia ni mtoto wa maski na paiki, samaki wa ukoo wake aliye mdogo zaidi, na ana milia ubavuni ambayo haifanani na ya mwenzake yeyote. Hazai, kama nyumbu. Watu wa idara ya samaki huwaleta wakiwa wadogo na kuwamwaga ziwani, na kila anayekufa hakuna wa kumrithi. Kwa hiyo hatuwali. Hatuwaning'inizi kwa taya ili tupigwe picha. Unamshika, unamwona, unamrudisha, na mwenzako naye apate bahati ya kumwona. Ndivyo tunavyosema, ingawa ile sehemu ya mwenzako hakuna anayeipenda.

Siku hiyo ya kufungua msimu, Corinne aliamka na giza. Nilipoingia jikoni kunywa kahawa nilimkuta amevaa mpaka buti, anapaka haradali kwenye mkate mweusi.

"Dada, wenzetu wako majini tangu alfajiri," alisema.

"Waache wagande," Ardis alimjibu bila kugeuka. "Samaki wa Mei anaota jua kama paka. Maji ya asubuhi ni barafu ya jana. Tutatoka baada ya chakula cha mchana."

"Kule mjini nilisoma kwamba..."

"Kule mjini kuna ziwa la kuvuka kwa feri. Kula mkate wako."

Corinne alinikonyeza. Alikuwa na tabia hiyo ya kukonyeza watu, na nilimwona Ardis akiiona kupitia kioo cha dirisha.

Baada ya chakula tulipakia vitu kwenye boti ya mzee Halvor. Ni boti ya mbao, nzito, ya kijani, na siku ya kwanza ya msimu haitoki boti nyingine pale nyumbani. Wavu mkubwa wa mpira, ule usiochubua ute wa samaki. Koleo refu. Mkasi wa kukatia ndoano, maana ndoano ikizama vibaya unaikata, humchimbi samaki kama unang'oa kisiki. Corinne akaleta na ubao mpya wa kupimia, mweupe, una tarakimu nyekundu unazoweza kuzisoma kutoka ng'ambo.

"Una matumaini," Ardis alisema.

"Nikikosa nitaukatia mkate."

Tulikwenda kwenye ghuba ya kaskazini, ambayo jua huipiga mchana kutwa. Chini ni matope meusi, na magugu mapya ya kijani yalikuwa yamefika kiasi cha kifundo cha mguu. Nilizima mashine mbali, nikapiga kasia polepole. Kwenye boti ile kuna kiti cha mbele na kiti cha katikati, na aliyeko mbele ndiye anayetupa kwenye maji mapya. Wa katikati anaokota makombo. Kwa hiyo wanabadilishana kila ghuba. Ghuba iliyotangulia alikaa Ardis, hakupata kitu. Hii ilikuwa ya Corinne.

"Mpaka lile gogo," Ardis alisema akihama. "Ukilifikia gogo ni zamu yangu."

"Najua, dada. Nilizaliwa hapa na mimi."

"Ulizaliwa, ndiyo."

Walitumia chambo kidogo cha manyoya na bati, kama urefu wa kidole. Mwezi wa nane utamtupia samaki huyu kitu kikubwa kama kiatu na atakirukia, lakini Mei bado ana usingizi, anataka kitu kidogo kinachopita taratibu. Unatupa, unavuta polepole, na chambo kikifika kwenye boti hukitoi majini. Unachovya ncha ya ufito wa kuvulia na kuchora nane. Unazungusha, unavuka, unazungusha tena, chambo kikienda chini ya macho yako. Kila mtupo, hata kama hujaona kitu, hata kama mkono umekufa ganzi. Maski hufuata mpaka ubavuni mwa boti na huko ndiko hufanya uamuzi wake. Watu huja kutoka mbali, wanachora nane mara mbili tatu, wanaacha, na samaki anageuka chini yao wasijue.

Sasa, kuna sheria nyingine, na hii haikuandikwa popote. Samaki akifuata chambo chako asikile, unasema kwa sauti, "Nina mfuasi." Ukishasema, yule ni wako. Mwenzako anavuta mshipi wake, anatulia, anakuachia mtupo mmoja wa kumrudia. Hata mahasimu wanaoshitakiana mahakamani kwa ajili ya uzio huheshimu jambo hilo. Lakini usiposema, samaki si wa mtu.

Tulikuwa hatujafika nusu ya ghuba. Corinne mbele alikuwa anaimba chini chini. Ardis alivuta, akafika kwenye nane, na mgongo wake ukabadilika. Niliuona kutoka nyuma. Alizungusha ya kwanza, ya pili, ya tatu, ufito umezama mpaka katikati, anapanua mizunguko. Nilichungulia. Chini ya maji, umbali wa mkono mmoja tu kutoka kwenye mbao, kulikuwa na kitu kirefu kimesimama, kina milia, na mapezi yake yalikuwa yanatetemeka taratibu kama mtu anayefikiri. Kilitazama chambo kikizunguka. Halafu kikashuka chini, kikatokomea upande wa gogo.

Ardis hakusema kitu.

Nilingoja. Alitazama mgongo wa mdogo wake, akatazama maji, akafunga mdomo. Nilimwelewa. Angesema "Nina mfuasi," Corinne angegeuka, angeuliza ni mkubwa kiasi gani, angetoa na miwani yake ya gharama aangalie, na samaki angekuwa wa wote wawili kabla hajawa wa mtu. Ardis alitaka awe wake kimyakimya. Akaanza kubadilisha chambo, waya wa kukifungia unamponyoka.

Akiwa anahangaika na waya, Corinne alitupa kuelekea gogo. Hakujua. Alitupa tu kwa sababu hapo ndipo macho ya mvuvi yeyote yangekwenda. Alivuta kidogo, na ufito ukapinda mpaka kwenye maji.

"Orrin," aliniita kwa sauti ndogo kabisa. "Orrin, huyu si gogo."

"Si gogo," nilisema. "Usimlegezee."

Samaki aliruka mara moja, wote tukamwona, milia yake ikaangaza kwenye jua, mrefu, mpana mabegani. Nilimtazama Ardis. Uso wake ulikuwa umekauka kama mtu aliyesomewa wosia na jina lake halimo.

Akauchukua wavu.

Lazima niseme hapa kwamba kumshikia mtu wavu ni kazi ya imani. Ukiugonga mshipi kwa ukingo wa wavu, samaki ameondoka. Ukimwingiza kuanzia mkiani, ameondoka. Na hakuna atakayeweza kukuthibitishia kwamba ulikusudia. Nimeona ndugu wakikosa samaki wa ndugu zao kwa njia hiyo, na mpaka leo wanaapa ni bahati mbaya. Corinne alimleta samaki karibu, akageuka, akasema, "Dada, uko tayari?" na Ardis akasema, "Kichwa kwanza. Usimnyanyue. Njoo naye." Aliuzamisha wavu, akaunyanyua kwa ulaini kama anayetoa mkate kwenye oveni. Samaki akawa ndani. Kazi safi. Sijaona safi kuliko hiyo.

"Ooh, Ardis," Corinne alisema, na machozi yakamtoka papo hapo. "Mwangalie. Mwangalie alivyo."

"Mwache majini," Ardis alisema. "Wavu unabaki majini. Chukua koleo, lowesha mikono."

Ndoano ilikuwa kwenye kona ya taya, juujuu. Corinne aliigeuza kwa koleo, ikatoka mara moja. Samaki alikuwa ndani ya wavu, ndani ya maji, anafungua na kufunga matamvua, hana damu hata tone. Wote watatu tulimtazama na wote watatu tulipiga hesabu moja. Alikuwa mrefu kuliko yule wa ukutani, au alikuwa sawa naye. Bila ubao usingeweza kusema.

"Ubao," Corinne alisema. "Orrin, andaa simu ya picha. Naulowesha ubao, tunamlaza, unapiga, anarudi. Sekunde chache."

Aligeuka kuuchukua ubao. Aliuinamia upande wa pili wa boti, akauchovya majini ili usimkaushe samaki ute. Alifanya kila kitu kwa usahihi. Na wakati mgongo wake uko huku, Ardis alipitisha mkono mmoja kwenye shina la mkia, mwingine chini ya tumbo, akalegeza wavu, akamtoa samaki nje, akamlaza majini sambamba na ubavu wa boti. Kwa muda alimshika hivyo, mkia umeelekea nyuma kwangu, na niliona kidole gumba chake kikipapasa mbao chini ya ukingo, kikitafuta kitu.

Corinne aligeuka na ubao unachuruzika.

"Unafanya nini?"

"Namrudishia pumzi."

"Mlete kwanza apimwe."

"Amechoka, Corinne. Huwezi kumtoa samaki aliyechoka."

"Amechoka wapi? Maji ni baridi, pambano lenyewe lilikuwa..."

"Nimesema amechoka. Samaki kwanza, picha baadaye. Ndivyo baba alivyotufundisha, au hukumbuki?"

Hapo samaki mwenyewe akajibu. Alipiga mkia mara moja, akamlowesha Ardis kuanzia nywele mpaka kiunoni, akaondoka kama mshale. Mwezi wa saba, maji yakiwa ya uvuguvugu, samaki aliyepigana hukulalia mkononi na unamshikilia muda mrefu ukimwomba. Mwezi wa tano ana pumzi za kutosha kumpa jirani. Kila mtu wa huku analijua hilo. Ardis analijua kuliko wote.

Corinne alisimama na ubao wake mweupe. Maji yalimchuruzikia kwenye buti.

"Hakuwa amechoka," alisema.

Ardis alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Afadhali kukosea upande huo."

Hakuna aliyetupa tena. Niliwasha mashine.

Jioni ya kufungua msimu watu wote wanakwenda kwa Kubiak. Kuna jibini la kukaanga, viazi, samaki wa makopo kwa wanaopenda, na brandi yenye sukari na kipande cha chungwa. Jua la Mei huchelewa kuzama, na milango huachwa wazi ili inzi wadogo weusi waingie na kutoka kwa hiari yao. Nilidhani Ardis angebaki nyumbani. Alikuja. Alikaa chini ya picha yake, mahali anapokaa siku zote.

Habari ilikuwa imeshafika, sijui kwa mdomo wa nani. Duane Pfluger, anayeuza mashine za kufyekea theluji na hajawahi kushika maski mwenye urefu wa kumtosha, alianza kabla Corinne hajakaa.

"Tunasikia umemtoa jitu, Corinne."

"Nimemtoa majini na nimemrudisha majini."

"Inchi ngapi?"

"Hatukupima."

Watu walicheka. Duane alitanua mikono. "Milwaukee wanapima hivi. Halafu jioni ya pili wanapima hivi." Akaitanua zaidi, akamgonga mhudumu.

"Mama, kaa mbali na huyu," Kubiak alimwambia mhudumu. Kubiak ni mtu mnene, mpole, ila kwenye jambo la ukuta ni hakimu. "Kwa nini hamkupima, Corinne? Si umenunua ubao? Ulinionyesha mwenyewe."

Nilishika glasi yangu. Nilijua sasa angesema, na alikuwa na haki ya kusema. Alikuwa na ukumbi mzima.

Corinne alinywa kidogo. "Aliniponyoka," alisema. "Mikono yangu ya mjini. Niliteleza."

Watu walicheka tena, kwa wema zaidi safari hii, na mtu mmoja akampiga begani, akamwagizia kinywaji. Hata Duane alisema huwatokea wote. Nilimtazama Ardis nikidhani atapumua. Badala yake niliona shingo yake ikipanda wekundu kuanzia kwenye kola. Nimefikiri sana kuhusu ule wekundu na sidhani ulikuwa aibu. Corinne alichukua sura ya mama, akachukua mji, mume, watoto, keki ya kasisi, akamchukua na samaki. Sasa mbele ya watu wote alikuwa anachukua na uungwana.

"Muongo," Ardis alisema.

Watu wakamgeukia.

"Hakuteleza. Nilimwachia mimi, yeye amegeuka kulowesha ubao. Samaki alikuwa mzima kabisa." Alisema akitazama meza. "Na alipita msumari wa mwisho."

Kubiak aliegemea kaunta. "Msumari gani, Ardis?"

"Misumari ya baba. Ubavuni mwa boti, upande wa kushoto, chini ya ukingo. Unaweka pua ya samaki kwenye pete ya kufungia kamba, unasoma mkia ulipoishia. Samaki hatoki majini. Mmoja wa inchi thelathini, mmoja arobaini, mmoja arobaini na nane. Wa arobaini na nane ni wangu. Alimpita. Nilimshika pale nikapapasa, na alimpita."

"Kuna picha?"

"Hakuna picha. Si ndiyo nakwambia."

Kubiak alikuna kidevu. Alionekana kusikitika kweli. "Bila picha kwenye ubao siwezi kuandika. Unajua. Wewe mwenyewe ulikuwa mstari wa mbele kuidai hiyo sheria, ule mwaka wa ugomvi wa Duane."

"Najua."

"Basi unabaki wewe ukutani."

"Najua, Kubiak."

Sijawahi kuona mtu akibakishiwa kitu chake na kukipokea kwa uso kama ule. Nikamgeukia Corinne, nikitarajia hasira. Hakuwa anatazama ukuta. Alikuwa ameacha glasi yake.

"Misumari gani?" alisema. "Mimi siijui misumari."

"Aliipiga ulipokwisha kuondoka," Ardis alisema.

"Hakuniambia. Kila Jumapili nilimpigia simu. Aliniambia mvua, theluji, bei ya mafuta. Hakuniambia amepiga misumari."

"Labda alisahau."

"Nionyeshe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Ardis."

Tukatoka, sisi watatu, tukashuka mpaka gatini nyumbani. Anga bado lilikuwa jeupe na vyura wamejaa kwenye matete ya ukingoni. Niliigeuza boti ili ubavu wa kushoto uelekee kwenye gati. Corinne alilala kifudifudi juu ya mbao na nguo zake nzuri, akanyoosha mkono, akapapasa. Mimi nimepaka boti ile rangi mara nyingi na kila mara nilizunguka vichwa vile vya shaba kwa brashi ndogo, kwa sababu Ardis alitaka hivyo. Nilidhani ni pambo.

"Huu ndio wako?" Corinne aliuliza.

"Huo."

"Alikupigia yeye mwenyewe?"

"Mikono ilikuwa inatetemeka. Nilimshikia msumari, akanigonga kidole." Ardis alionyesha kidole kana kwamba bado kina alama. "Alisema sasa boti ina kipimo cha kutosha."

Corinne hakuinuka. Aliendelea kuupapasa ule msumari wa tatu, kwa ncha ya kidole, akizunguka na kuzunguka. Aliposema, sauti ilikuwa ya mtoto anayenyimwa.

"Mimi hakunipigia hata mmoja."

"Hukuwepo."

"Angeweza kupiga ule wa thelathini akasema huu wa Corinne. Nilimshika wa thelathini nikiwa na miaka kumi na mbili. Alikuwepo. Alinibeba."

"Corinne, kila asubuhi niliyomletea uji alikuwa ananiuliza kama umepiga simu. Kila asubuhi. Hata za Jumatatu, baada ya wewe kupiga Jumapili."

"Na wewe alikupigia msumari."

Walitazamana. Ningesema walikumbatiana kama ingekuwa hivyo, lakini haikuwa hivyo. Ardis alikuwa na uso ambao sikuuzoea kwake, na ilinichukua muda kuutambua. Alikuwa ameonewa wivu, na mdogo wake, labda kwa mara ya kwanza maishani, na alikuwa anauonja taratibu. Hakutaka uishe haraka.

"Orrin," alisema mwishowe. "Ule mkebe wako una misumari ya shaba?"

"Uko bandani."

"Lete na nyundo."

Nilileta. Ardis alikaa ukingoni mwa gati, miguu ndani ya maji ya baridi, akavuta boti mpaka ikamgusa magoti. Alipima kwa vidole kutoka kwenye msumari wake kuelekea nyuma, akaweka ncha ya msumari mpya.

"Hapo?" Corinne alisema. "Alikuwa mrefu kuliko hapo."

"Nilimshika mimi."

"Mkia ulikuwa umebanwa au umekunjuka? Kwenye ubao unaubana. Ukiubana unapata zaidi."

"Huu si ubao."

"Kwa hiyo unakubali angezidi."

"Nakubali kwamba mkia uliishia hapa. Shika msumari."

Corinne akaushika. Ardis akainua nyundo, na Corinne akafumba macho, akageuza uso. Nyundo ilipiga mara tatu, msumari ukaingia sawasawa. Hakumgonga kidole. Nadhani Corinne alisikitika kidogo.

"Kesho nakaa mbele mimi," Ardis alisema akijifuta miguu.

"Gogo hatukulifikia. Ghuba bado yangu."

"Ukishika samaki, ghuba imekwisha."

"Nani kasema? Hiyo sheria ya lini? Umeipigilia nayo wapi, upande wa kulia?"

Walipanda kuelekea nyumbani wakibishana, mmoja na viatu mkononi, mwingine na matope kifuani, wakaniachia nyundo. Corinne alikuwa amesahau ubao wake mweupe kwenye boti. Niliuchukua, nikaulaza ubavuni, kuanzia kwenye pete mpaka msumari mpya. Arobaini na tisa na nusu.

Corinne mpaka leo anasema hamsini. Ardis anasema mkia ni mkia. Kwa Kubiak picha bado ni ile ile, na Corinne akiingia hukaa meza ya mbali, mahali ambapo haionekani vizuri. Ardis naye nimemwona mara kadhaa akishuka gatini peke yake, anasimama upande wa kushoto wa boti, anaitazama misumari miwili ya mwisho, wake na ule mwingine uliochomoza nyuma yake. Halafu anaenda kuandaa wavu.